Kamba ya Kisima: Makaa ya Mawe, Maji ya Ardhini na Haki ya Anayekaa Juu Yake

Mhadhara wa hadhara, Doldol, Laikipia Kaskazini

Najua wapo mliotoka mbali tangu alfajiri na mkaacha mifugo mikononi mwa watoto. Nitajaribu kusema jambo linalostahili mwendo huo.

Nimeombwa nizungumze juu ya makaa ya mawe na maji. Kabla hatujaketi, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Makaa ya mawe yako wapi hapa kwetu?" Ni swali la haki na nitalijibu kwanza. Hayako. Mawe tunayoyakalia hapa Mukogodo ni ya kale mno, yamekandamizwa na kupikwa kwa joto la ndani ya dunia hadi yakabadilika umbo. Makaa ya mawe hutokana na mimea iliyozama katika vinamasi, ikafunikwa na matope na mchanga kwa mamilioni ya miaka, na mawe ya namna yetu hayahifadhi kitu kama hicho. Mtu akiwajia na ramani akasema kuna makaa chini ya msitu wa Mukogodo, msimpe sahihi.

Lakini wapo Wakenya wenzetu wanaokalia makaa hayo. Wanaishi katika nchi kavu kama hii, wanafukua maji mchangani kama sisi, na sheria inayowalinda ndiyo hiyohiyo inayotulinda sisi. Yatakayowapata yametuhusu tayari. Kisha liko swali lao moja ambalo pia ni letu, hata pale ambapo kinachochukuliwa ardhini ni mchanga au ni maji yenyewe: kabla mtu hajachimba, nani amepima kisima?

Nendeni nami hadi Kitui. Mashariki ya kaunti hiyo, kuanzia upande wa Mwingi hadi Mutitu, kuna bonde la Mui. Serikali ilianza kutoboa ardhi huko ikitafuta makaa mwaka 1999. Bonde lenye ukubwa wa kilomita za mraba 500 hivi likagawanywa vitalu vinne, A, B, C na D. Mwezi Desemba 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Fenxi ya China kwa vitalu C na D. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ambayo mawakili huitaja hadi leo kila panapozuka ubishi kuhusu maana ya kuwashirikisha wananchi. Zaidi ya miaka 10 imepita tangu sahihi ile. Watu wa Mui wamelima na kuzika wazee wao bila kujua kama shamba hili ni la kupanda miembe au la kungojea fidia.

Mengi yamesemwa kuhusu fidia ya ardhi: ekari, nyumba, makaburi, miti. Ni sawa yasemwe. Ila ardhi ina mipaka, ina kigingi na hati, nawe unaweza kumwonyesha wakili ulipokuwa mti wako. Maji ya ardhini hayana kigingi. Yanapita chini ya shamba langu yakielekea chini ya shamba lako, na siku yanapopotea hayaachi kisiki.

Ngoja niwaeleze yanavyopotea, maana wanaokuja kufanya mikutano huwa hawalifafanui.

Makaa hulala ardhini kwa tabaka, kama mkeka uliotandikwa kati ya mawe. Juu ya mkeka huo kuna matabaka mengine, na baadhi yake yana maji. Si ziwa lililo chini kwa chini, kama wengi wanavyodhani. Ni mawe yenye vitundu na nyufa ambamo maji yamejaa na kutembea polepole sana. Kisima chako ni tundu tu lililofika kwenye jiwe hilo lililolowa. Sasa mchimbaji anashuka chini ya tabaka la maji kuyafuata makaa. Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya vyumba na nguzo: anachimba vyumba, na kati yake anaacha nguzo za makaa zishikilie dari. Ya pili ni ya ukuta mrefu: mashine inakata ukuta wa makaa wenye upana wa mita mia kadhaa, inasonga mbele, na nyuma yake dari inaachwa ianguke. Kuanguka huko kumekusudiwa, ndiyo namna ya kuyatoa makaa yote.

Dari inapoanguka, jiwe la juu yake linapasuka, na lililo juu ya hilo linapinda. Ufa ukipanda hadi kwenye tabaka la maji, maji yanashuka mgodini. Juu, ardhi inaweza kubonyea hata mita moja au zaidi, chemchemi ikahama, mto mdogo ukaingia katika ufa na kunyamaza. Hata dari isipoanguka, mgodi hauwezi kufanya kazi ukiwa umejaa maji, hivyo pampu zinanguruma usiku na mchana. Maji yakivutwa mahali pamoja, kiwango cha maji ya ardhini kinashuka pande zote kwa umbo la kikombe kirefu, na kadiri pampu zinavyoendelea ndivyo mdomo wa kikombe unavyopanuka. Kisima kilichokuwa na maji mita 20 chini kinayakuta mita 30. Mwenye kisima cha mikono hawezi kufuata umbali huo. Kwake maji yamekwisha, hata kama bado yapo.

Hayo ni ya wingi. Ya ubora ni mabaya zaidi kwa sababu hayana mwisho. Ndani ya makaa na mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa yamefungiwa chini bila hewa hayana neno. Mgodi unaingiza hewa. Hewa na maji vikikutana na pairiti inatoka asidi, ile inayowekwa katika betri za magari, ingawa huko iko nyepesi zaidi. Asidi inayeyusha chuma na metali nyingine kutoka kwenye mawe, na maji yanatoka na wekundu wa kutu. Sisi wa upande huu tunaujua wekundu: Nanyuki ni jina lililotokana na neno la Kimaasai la rangi hiyo. Wekundu wa maji ya mgodini ni mwingine. Samaki hufa, na mabomba huliwa.

Halafu mgodi unafungwa. Kampuni inaondoka, pampu zinazimwa, na maji yanaanza kupanda tena kupitia vyumba vile vilivyojaa pairiti, hadi siku moja yanatokea mlimani au kando ya mto, miaka baada ya mfanyakazi wa mwisho kulipwa.

Jambo hili limetokea Afrika, na waliopata madhara ni watu kama sisi. Enugu, mashariki ya Nigeria, makaa yalianza kuchimbwa mwaka 1915, katika mahandaki yaliyoingia vilimani. Migodi ya Onyeama na Okpara imesimama, lakini maji yenye asidi yameendelea kutoka midomoni mwa mahandaki hayo na kuingia katika mto Ekulu. Aliyechimba hayupo, ila mto bado unapokea.

Afrika Kusini, katika mkoa wa Mpumalanga, kuna mji mdogo uitwao Carolina, uliozungukwa na migodi ya makaa. Januari 2012 mvua kubwa ilisomba maji yenye asidi hadi katika bwawa la Boesmanspruit, linalolisha mabomba ya mji. Watu wakaambiwa wasinywe wala wasipikie maji ya bomba. Matangi yaliletwa, mengine yakakauka, foleni zikawa ndefu, na hali hiyo ikaendelea mwezi baada ya mwezi. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru wakazi wapewe maji salama ndani ya saa 72. Niliposoma amri hiyo nilifurahi, kisha nikahesabu vidole. Kutoka Januari hadi Julai. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mkasa ule alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe kabla mama yake hajapata haki ya kumpikia uji kwa maji ya bomba.

Katika mkoa uleule uko mji wa eMalahleni, jina lenye maana ya mahali pa makaa. Huko kiwanda cha kusafisha maji ya migodini kilifunguliwa mwaka 2007, na maji yake yakaunganishwa na mabomba ya mji. Kwa hiyo maji ya mgodi yanaweza kusafishwa, nalisema wazi ili nisiwe mwongo. Lakini kusafisha kunataka umeme, kemikali na mafundi kila siku, hata makaa yatakapokuwa yamekwisha. Kabla ya kuahidiwa kiwanda kama hicho, uliza atakayelipa umeme wake miaka 50 baada ya kampuni kuondoka.

Afrika Mashariki tunao mgodi wa makaa wa chini ya ardhi. Ni Kiwira, kusini-magharibi ya Tanzania, uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China. Ule uko katika nchi ya mvua nyingi, karibu na Ziwa Nyasa, ambako mito haiishi. Msipime Mui kwa Kiwira. Mgodi ukivuta maji katika nchi inayonyeshewa karibu mwaka mzima, mvua inarudisha. Ukivuta maji Kitui au hapa, unavuta akiba ya miaka.

Sasa nifike kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Kisima kikikauka karibu na mgodi, mwenye kisima atakwenda kulalamika. Atajibiwa nini? Katika nchi ya mvua watamwambia pampu yako mbovu. Katika nchi yetu jibu liko tayari: ni ukame. Nani atabisha? Kuanzia mwishoni mwa 2020 tulikosa mvua misimu 5 mfululizo. Visima vilikauka bila mgodi wowote. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara hii mliyopita leo. Ukame ni wa kweli, na kwa sababu ni wa kweli unamfaa sana anayetaka kujificha nyuma yake.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatambua fidia kwa mtu ambaye uchimbaji umemharibia maji ya ardhini au kumnyima maji yake. Imeandikwa. Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hilo nalo limeandikwa. Ila mbele ya hakimu anayedai ndiye anayethibitisha. Ataulizwa: kabla ya mgodi, maji yalikuwa mita ngapi chini? Wakati wa kiangazi yalishuka mita ngapi? Ladha yake? Chumvi yake? Mama aliyechota maji hapo miaka 40 anajua majibu yote, kwa mkono wake, kwa uzito wa kamba. Hakimu hawezi kuupima mkono wake. Upande wa pili unaleta mtaalamu mwenye jedwali, na jedwali lenyewe lilianza kuandikwa na kampuni.

Tazameni walivyofanya wenzetu wa Pennsylvania, jimbo la Marekani lililochimba makaa chini ya nyumba za watu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1994 walitunga sheria inayojulikana kama Act 54. Wanachora mstari kutoka ukingo wa mgodi kwenda juu, ukilala nje kwa nyuzi 35 kutoka wima. Kwa kila mita 100 za kina, mstari unatoka nje mita 70 hivi. Kisima chochote kilicho ndani ya mstari huo kikiharibika, kampuni inahesabiwa kuwa ndiyo iliyokiharibu, na ni juu yake kuthibitisha kwamba siyo. Mwenye kisima akitoa taarifa, anapaswa kuletewa maji ya muda ndani ya saa 24. Kampuni inatakiwa kurudisha maji au kuleta mengine ya kudumu badala yake. Na kila baada ya miaka 5 jimbo linatakiwa kutoa ripoti ya madhara ya uchimbaji wa chini ya ardhi.

Wamegeuza mzigo wa ushahidi. Badala ya mama kubeba ndoo na ushahidi, ushahidi anabeba aliyechimba. Sitaki kuwapambia: watu wa Pennsylvania bado wanagombana na kampuni, na chemchemi nyingine hazikurudi. Lakini katika sheria hiyo kuna kifungu kimoja cha kujifunza. Kampuni inaweza kujitoa katika lawama ikionyesha kwamba mwenye kisima alikataa kisipimwe kabla ya uchimbaji kuanza. Hata pale sheria inapomwelekea mnyonge, kipimo cha kwanza ndicho mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo Bunge letu lingefanya jema kama lingeweka kanuni ya namna hiyo kabla ya tani ya kwanza kutoka Mui, mchimbaji awe wa China, wa Nairobi au wa Kitui kwenyewe, na shimo liwe la wazi au la mahandaki. Na watu wa Mui wana jambo la thamani ambalo wengi wa Carolina hawakulipata: muda. Miaka hii ya kungoja inaweza kuwa miaka ya kupima. Misimu 10 ya vipimo vya kisima ni ushahidi ambao hakuna mtaalamu wa kukodi anayeweza kuufuta.

Mniruhusu nirudi nyumbani.

Kupima si jambo la kigeni. Majirani zetu Wasamburu wana visima vya kuimbia: morani wanasimama kwa mstari ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo na kuimba ili ng'ombe wajue wimbo wa ukoo wao. Anayetazama anajua kina cha maji kwa kuhesabu watu. Kisima cha watu wawili kikihitaji watatu, kila mtu ukingoni ameona maji yalivyoshuka. Kilichokosekana ni kuandika.

Na kuandika kumetusaidia hapahapa. Mradi wa utafiti wa Laikipia ulioanza miaka ya 1980, na baadaye kituo cha utafiti cha CETRAD mjini Nanyuki, viliweka vipimo katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya: Naro Moru, Burguret, Nanyuki na mingine inayoingia Ewaso Ng'iro. Wazee wa huku chini walikuwa wakisema tangu zamani kwamba mto unaisha mapema kuliko ulivyokuwa. Walioko juu, wenye mashamba ya maua na ya kunyunyizia, walisema ni ukame tu. Mnalisikia neno lenyewe? Mbao za kupimia mto na daftari ndivyo vilivyotenganisha mambo mawili: mvua iliyonyesha mlimani, na maji yaliyochotwa njiani. Vyama vya watumiaji maji, WRUA, vilivyoanza katika mito hii na baadaye kuingizwa katika Sheria ya Maji ya mwaka 2002, vilipata nguvu kwa sababu mtu wa juu na mtu wa chini waliketi kando ya namba ileile. Ugomvi haukwisha, na kiangazi Ewaso Ng'iro bado unakauka kabla ya kufika Archers Post. Lakini hakuna anayeweza kusimama leo akasema hakuna kinachochotwa.

Maji ya ardhini hapa Doldol hayajapata daftari kama hilo. Nitawaambia kisa kimoja kilichonipata. Kijijini kwetu kilichimbwa kisima cha mashine. Siku ya ufunguzi kulikuwa na mbuzi wa kuchoma na hotuba. Fundi wa kuchimba akaondoka na karatasi zote: kina cha kisima, tabaka alilokuta maji, kiasi yalivyotoka kwa saa. Hatukuachiwa hata nakala moja, nasi hatukuomba kwa sababu hatukujua kwamba ni mali yetu. Mwaka wa nne maji yakapungua, kisha yakakatika. Wengine wakasema pampu imeungua, wengine wakasema maji yameshuka. Kama ni pampu, tungechanga. Kama ni maji, mchango ungekuwa wa kutupa. Hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyechanga, na misimu miwili akina mama walirudi kwenye silanga, bwawa la mifugo, pamoja na ng'ombe. Hatimaye alikuja fundi mwingine akateremsha kipimo. Maji yalikuwapo. Ilikuwa ni pampu. Nina uchungu na miezi ile hadi leo, kwa kuwa karatasi moja tu ingetuokoa.

Liko na jambo la mchanga. Hapa kwetu shimo tunaloliona kila siku ni la laga, mto wa mchanga unaotiririka wakati wa mvua tu. Lori linashuka, vijana wanapakia, linapanda kuelekea miji inayojengwa. Siwalaumu vijana, mtu asiye na ng'ombe baada ya ukame atauza alichonacho. Lakini jueni kinachouzwa. Mchanga wa laga ni tangi. Robo ya ujazo wake au zaidi ni nafasi ambayo mafuriko huijaza maji, na jua haliyafikii. Lori la tani 10 hubeba mita za ujazo kama 6 za mchanga. Hiyo ni nafasi ya lita 1,500 za maji, mitungi 75 ya lita 20, ambayo ingejazwa kila mara laga inaposhuka. Bei inayolipwa ni ya mchanga peke yake. Wakamba wa Kitui wanaijua hesabu hii. Wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwa kuziba laga kwa ukuta mfupi, mchanga ukajaa, maji yakakaa. Wanajenga tangi sisi tunalolipakia kwenye lori. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Laikipia inaweza kutazama hapo.

Uzuri ni kwamba ardhi hii ni yenu, na sheria imewapa kisu na mpini wake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii lazima upite katika mashauriano ya wazi, na ukubaliwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Inataka pia athari zipimwe kabla, zifuatiliwe kazi ikiendelea, na ardhi irudishwe katika hali yake kazi ikiisha. Wenyeviti wa kamati hawana ruhusa ya kuitoa ardhi wakiwa wamekaa hotelini Nanyuki. Na mamlaka ya mazingira ikitoa leseni mnayoona haifai, Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) linapokea rufaa ndani ya siku 60. Watu wa Lamu walikwenda huko, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa, ambao siku moja ungechoma makaa ya Kitui, ikafutwa. Siku 60 si nyingi. Anayeanza kutafuta ushahidi siku ya kwanza amechelewa.

Kwa hiyo nawaomba daftari. Kila kisima, kila chemchemi ya msitu wa Mukogodo, kila mahali pa kufukulia katika laga, pawe na ukurasa wake. Mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya mifugo kunywa, teremsheni kamba yenye jiwe mwishoni, iliyofungwa fundo kila mita. Jiwe likigusa maji mtalisikia. Shikeni kamba usawa wa mdomo wa kisima, toeni, hesabuni, andikeni: tarehe, kina, kama mvua imenyesha mwezi huo, kama pampu imefanya kazi usiku. Onjeni na muandike ladha imebadilika au la. Kwa chemchemi, jazeni mtungi wa lita 20 na mhesabu sekunde. Mara moja kwa mwaka mpeleke chupa maabara, waangalie asidi, chuma, chumvi na salfa, na risiti ibandikwe ndani ya daftari. Nakala moja ikae shuleni, nyingine kwa chama cha watumiaji maji, ya tatu kwa mama anayechota hapo kila siku. Wanafunzi wa gredi ya saba wanaweza kazi hii. Na fundi yeyote atakayechimba kisima cha mashine, asilipwe shilingi ya mwisho kabla hajaacha nakala ya karatasi zake.

Vijana mliosoma, nawaomba pia mwende Mui. Ni safari ya siku moja. Nendeni na madaftari matupu, mkawasaidie wazee wa kule kuanza, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa swali la hakimu mapema kuliko sisi.

Jioni hii mkifika nyumbani, mwulizeni anayechota maji: kutoka mdomo wa kisima hadi majini ni mita ngapi? Kama hakuna anayejua, kesho asubuhi tafuteni kamba.